Kabla ya Mkasi: Karatasi Zisizokatwa na Prufu za Kadi za Besiboli

Utangulizi

Katika somo la uhariri mimi huwauliza wanafunzi swali moja kabla hatujafungua kitabu: kati ya nakala safi iliyotoka kiwandani na karatasi ya prufu yenye makosa, ipi humfaa zaidi mwanahistoria? Wengi huchagua nakala safi. Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa mfano wa mbali kidogo, yaani kadi za besiboli za Marekani na watu wanaokusanya karatasi zake ambazo hazikukatwa.

Najua mchezo wenyewe si maarufu kwetu, ingawa wasomaji wa Uganda watakumbuka kwamba mwaka 2012 vijana wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Hata hivyo, hapa hatuzungumzii rungu na mpira. Tunazungumzia karatasi, wino na mkasi.

Karatasi isiyokatwa na prufu ni nini?

Kadi ya besiboli ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani, chenye picha ya mchezaji upande mmoja na maelezo au tangazo upande wa pili. Kadi haichapwi peke yake. Kadi nyingi hupangwa kwa safu kwenye karatasi moja kubwa, huchapwa kwa pamoja, kisha mashine huzikata. Karatasi isiyokatwa ni ile iliyoponyoka kabla ya hatua hiyo ya mwisho. Prufu, kama tunavyojua sisi tunaosahihisha makala, ni chapa ya majaribio: mchapaji huitoa ili aangalie rangi, mpangilio na maandishi kabla ya kuruhusu kazi iendelee.

Vitu hivi viwili vina jambo moja linalofanana. Havikukusudiwa kufika kwa mnunuzi. Kwa kawaida vilitupwa au kuharibiwa, na vilivyobaki vilibaki kwa sababu mtu fulani aliviweka. Ndiyo maana ni vichache, na ndiyo maana vinasema mambo ambayo kadi yenyewe haisemi.

Enzi ya tumbaku

Katika miaka ya 1880 kampuni za sigara za Marekani zilianza kutia kadi ndani ya pakiti. Kadi hiyo iliikaza pakiti isikunjike, na pia ilimvuta mteja anunue tena. Mfululizo unaojulikana kuliko yote ulitolewa na American Tobacco Company kati ya mwaka 1909 na 1911, ukiwa na kadi zaidi ya 500. Leo unaitwa T206, jina ambalo halikutoka kwa kampuni. Lilitoka katika katalogi ya Jefferson Burdick (1900–1963), mkusanyaji aliyezipanga kadi za Marekani kwa herufi na namba, kisha akaukabidhi mkusanyo wake wa vipande zaidi ya 300,000 kwa jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York.

Hakuna karatasi nzima ya T206 inayojulikana kuwapo hadi leo. Je, tutajuaje kadi zipi zilichapwa jirani? Watafiti wamefanya kazi inayofanana sana na ile ya wahakiki wa miswada. Wanatazama kadi zilizokatwa vibaya, ambazo zina ukingo wa jirani yake. Wanafuatilia mikwaruzo iliyokuwa kwenye bamba la kuchapia: mkwaruzo ulioanza nyuma ya kadi moja huendelea nyuma ya kadi nyingine, na kadi hizo zikiwekwa pamoja mstari unaungana. Kwa njia hiyo sehemu za karatasi iliyopotea zinajengwa upya kutokana na dosari zake.

Kipo pia kipande cha prufu chenye picha tano kwa safu, miongoni mwao Cy Young na Honus Wagner, kikiwa bado na alama za mchapaji za kuelekeza mahali pa kukata. Husimuliwa kwamba kilikuwa mali ya Wagner mwenyewe. Kadi ya Wagner ilisitishwa mapema kwa sababu mchezaji huyo hakutaka picha yake itumiwe, na ndiyo iliyokuja kuwa kadi maarufu kuliko zote.

Mfululizo huohuo una makosa ambayo mwalimu wa lugha atayafurahia. Jina la Sherry Magee liliandikwa “Magie”, kisha likasahihishwa. Joe Doyle, aliyechezea timu ya New York ya ligi ya American, aliandikiwa kifupi cha ligi ya National, bila shaka kwa kuchanganywa na Doyle mwingine wa mji huohuo, Larry. Herufi chache tu, lakini kadi zenye kosa ndizo adimu, kwa kuwa mchapaji alizigundua mapema.

Namba 106

Baada ya tumbaku ukaja ubani wa kutafuna. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ya Boston ilitangaza mfululizo wa kadi 240. Watoto walinunua, wakapanga, wakakuta namba 106 haipo. Walioandika barua kulalamika walipelekewa kadi ya Napoleon Lajoie, mchezaji aliyekuwa amestaafu siku nyingi. Karatasi isiyokatwa ndiyo shahidi wa jambo hili: Lajoie anaonekana pamoja na kadi za mwaka 1934, si na wenzake wa 1933. Kwa hiyo kadi yenye namba ya mwaka mmoja ilizaliwa mwaka uliofuata. Nyingi kati ya zilizobaki zina alama ya kibanio cha karatasi, kwa kuwa zilibanwa kwenye barua ya majibu.

Hesabu ya Topps

Baada ya vita vya pili vya dunia ilitamba kampuni ya Topps ya New York. Nilipokuwa nasoma Dar es Salaam niliwasikia watoto wakiita ubani wa kutafuna “bazoka”. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba Bazooka lilikuwa jina la ubani wa Topps. Jina la bidhaa lilivuka bahari bila kadi zake.

Mwaka 1952 Topps ilitoa kadi 407. Fungu la mwisho lilianzia namba 311 hadi 407, yaani kadi 97. Karatasi ya kuchapia ilikuwa na nafasi 100. Nafasi tatu zilizobaki zilijazwa kwa kurudia kadi tatu: Mickey Mantle, Jackie Robinson na Bobby Thomson. Kwa hiyo kadi ya Mantle, ambayo nakala yake moja iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6, ilichapwa mara mbili ya nyingi zilizo jirani nayo. Bei imetokana na jina la Mantle, na pia na hali nzuri ya nakala ile. Anayetazama kadi pekee hawezi kulijua hilo. Anayeijua karatasi hulijua kwa kutoa na kujumlisha.

Baadaye karatasi za Topps zilikuwa na kadi 132. Mfululizo wa kadi 660 ulienea barabara katika karatasi tano. Lakini ule wa mwaka 1978 ulikuwa na kadi 726, nao ulihitaji karatasi sita zenye nafasi 792. Tofauti ni 66, na kweli kadi 66 za mwaka huo zilichapwa maradufu.

Prufu za Topps nazo zina masimulizi yake. Ya mwaka 1977 ilimwonyesha Reggie Jackson akiwa mchezaji wa Baltimore Orioles. Mnamo Novemba 1976 Jackson alitia saini na New York Yankees, na kadi iliyouzwa madukani ikamwonyesha na mavazi ya Yankees yaliyopakwa kwa rangi juu ya picha. Prufu ilibaki na ukweli wa miezi michache uliofutwa na toleo rasmi. Vitu vya namna hii viliwafikia wakusanyaji kwa wingi mwaka 1989, Topps ilipouza sehemu ya hazina yake katika mnada wa Guernsey's mjini New York.

Mkasi

Sasa tufike kwenye jambo linaloumiza. Kadi moja ya T206 ya Wagner, iliyonunuliwa mwaka 1985 kwa dola 25,000, ilikuwa na kingo kali na pembe zilizonyooka kupita kiasi. Mwaka 1991 iliuzwa katika mnada kwa dola 451,000, wanunuzi wakiwa mchezaji wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake Bruce McNall. Kampuni ya kupima ubora wa kadi, PSA, ikaipa alama 8 kati ya 10. Mwaka 2007 iliuzwa kwa dola milioni 2.8. Miaka yote hiyo kulikuwa na minong'ono kwamba kadi hiyo ilikatwa kingo. Mwezi Oktoba 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa mnada aliyeinunua mwaka 1985, alikiri mahakamani makosa ya udanganyifu katika biashara yake, akakiri pia kwamba ndiye aliyeikata pembeni ili ionekane bora. Mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miezi 20.

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Soko lilitaka kadi isiyo na dosari, likauziwa iliyopunguzwa. Tukumbuke kwamba kingo zilizoliwa na miaka hazikuwa uchafu. Zilikuwa kumbukumbu ya mashine, ya pakiti ya sigara na ya vidole vilivyoishika. Kishawishi hichohicho humkabili mwenye karatasi isiyokatwa. Kadi moja ndani yake ikiwa na bei kubwa, mkono hutamani mkasi, na mkasi ukishapita hakuna wa kuiunga tena.

Hitimisho

Kwa nini haya yaandikwe katika jarida la idara ya Kiswahili? Kwa sababu nami nimewahi kushika mkasi. Miaka kadhaa iliyopita tulihariri kitabu cha mazoezi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Prufu zilirudi mara tatu. Pembeni tulibishana kwa wino mwekundu kuhusu istilahi: tuandike “kiambishi” au “mofimu”, tufuate matumizi ya wapi, mifano gani itaeleweka na mwanafunzi ambaye Kiswahili ni lugha yake ya tatu. Kitabu kilipotoka nilizitupa zote, nikaona nimesafisha ofisi. Hivi karibuni mwanafunzi wa uzamili anayechunguza historia ya ufundishaji wa Kiswahili nchini aliniuliza kwa nini tulichagua istilahi tulizozichagua. Nilimpa kitabu. Kitabu kina jibu la mwisho tu. Mabishano hakuna.

Wakusanyaji wa kadi wengi wao si wasomi wa chuo kikuu, lakini wanafahamu jambo ambalo sisi tunalisahau: toleo safi huonyesha tulikofika, na prufu huonyesha njia tuliyopita. Kupotea njia ndiko kujua njia. Basi napendekeza kwa wenzangu idarani kwamba kuanzia toleo hili tuweke sanduku moja katika maktaba yetu ndogo, tutie humo prufu za jarida, rasimu za mitihani iliyokwisha kufanywa na miswada yenye masahihisho. Kila karatasi iandikwe tarehe na jina la aliyesahihisha. Za toleo hili nimeshaziweka mezani pa katibu, pamoja na makosa yangu yote.