Kigali: Kwa nini biashara za wanawake hazikui kwa kasi sawa

Katika soko la Kimironko, wilayani Gasabo, meza ya mboga na duka la vitenge hutenganishwa na hatua chache tu, na mara nyingi wote wawili wanaofanya biashara hapo ni wanawake. Sheria zinazowahusu ni zilezile. Kinachowatofautisha kwa kawaida kilianza kabla hawajafika sokoni: ardhi, ndoa, elimu na jamaa.

Ardhi na ndoa

Kwa mujibu wa mila, ardhi nchini Rwanda ilirithiwa na watoto wa kiume. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, wajane na mabinti wengi walijikuta wakuu wa kaya bila haki ya wazi juu ya mashamba ya waume au baba zao. Sheria namba 22/99 ya Novemba 1999 ilimpa binti haki ya kurithi sawa na kaka yake. Uandikishaji wa ardhi uliofuata uliwezesha wanandoa kuandikwa wote wawili katika hati moja.

Hati hiyo ndiyo dhamana ambayo benki huitaka. Hata hivyo, sheria ya mali ya ndoa humlinda mke aliyefunga ndoa mbele ya serikali. Anayeishi na mwenzi wake bila ndoa hiyo anaweza kulima na kujenga kwa miaka mingi bila jina lake kuandikwa popote. Aliyehamia Kigali kutoka kijijini na kupanga chumba hana hati ya kuwekea rehani.

Mtaji wa wasio na dhamana

Wengi huanzia kwenye ikimina, chama cha akiba kinachofanana na upatu, ambamo wanachama huchanga na kupokea kwa zamu. Ikimina hujengwa juu ya uaminifu, si hati. Udhaifu wake ni kwamba hakiwezi kuwa na fedha kuliko wanachama wake: wauza mboga huzungusha fedha za wauza mboga.

Ili kuziba pengo hilo, vyama vya akiba na mikopo vya Umurenge SACCO vilianzishwa mwaka 2009 katika kata zote 416 za nchi. Mfuko wa Maendeleo ya Biashara, BDF, ulioundwa mwaka 2011, huwadhamini wanawake na vijana hadi asilimia 75 ya mkopo. Sehemu inayobaki hubebwa na mkopaji. Asiyesoma vya kutosha kuandaa mpango wa biashara anaweza kukwama hata kabla ya kufika hapo.

Walio nje ya soko

Wasiomudu kodi ya meza hubeba bidhaa kwenye beseni na kuuza barabarani. Hao huitwa abazunguzayi, na wengi wao ni wanawake. Biashara hiyo imepigwa marufuku Kigali, na bidhaa zikitwaliwa, mtaji wote wa siku hupotea. Jiji limejenga masoko madogo ya kuwahamishia, lakini baadhi yao hurudi barabarani, wakisema ndiko wapitako wateja.

Nguvu ya kuungana

Mwaka 2007, wanawake 18 wa mtaa wa Nyamirambo waliunda kituo chao. Leo kituo hicho hushona na kuuza bidhaa, huwaongoza wageni mitaani na kutoa mafunzo kwa wanawake wengine. Mfano huo unaonyesha kuwa kikundi chenye wateja kutoka nje ya mtaa huingiza fedha ambazo ikimina peke yake hakiwezi kuzipata.

Sheria imefungua mlango, na hilo si jambo dogo. Lakini mkopo unaopimwa kwa hati humfikia kwanza aliye na hati, na muuza mboga asiye na ardhi hubaki na mtaji wa siku moja. Ndiyo maana idadi ya biashara za wanawake haitoshi kupima mafanikio. Ni muhimu pia kujua ni wanawake gani wanaozimiliki.