Vituo vitatu vilivyoachwa na mahesabu (Mama na safari ya kliniki, sehemu ya 4)

 

Wiki iliyopita tuliulizana kwa nini mama anakosa kliniki wakati tarehe anaijua na kadi anayo mkononi. Wengi mlijibu neno moja tu: usafiri. Basi leo tukae hapo hapo. Nawasimulia historia ya vituo vitatu vya treni katika jiji la Saint Paul, jimbo la Minnesota, huku Marekani ninakofanya kazi. Ukiviona utasema ni paa na benchi tu. Lakini watu walivipigania kwa miaka, na ugomvi wenyewe ulihusu jambo ambalo kila aliyewahi kubeba mtoto analijua: umbali wa kutembea.

Saint Paul ina pacha wake, Minneapolis. Barabara inayounganisha katikati ya mji huu na katikati ya mji ule inaitwa University Avenue. Tramu za umeme zilianza kupita hapo mwaka 1890. Kufikia 1954 tramu zote za miji hii miwili zilikuwa zimeondolewa, yakabaki mabasi.

Kusini kidogo ya barabara hiyo palikuwa na mtaa wa Rondo, kitovu cha Wamarekani Weusi wa Saint Paul. Makanisa yao yalikuwa pale, maduka pale, ndugu pale. Kati ya 1956 na 1968 serikali ikajenga barabara kuu, I-94, ikaupasua mtaa katikati. Mhandisi mmoja wa jiji, George Herrold, alikuwa ameshauri ipite kaskazini, kando ya reli, ambako hakuna nyumba nyingi. Hakusikilizwa. Familia zaidi ya 600 zikahamishwa. Meya wa jiji alikuja kuomba radhi hadharani mwaka 2015. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi hiyo.

Shikilia hilo la Rondo, maana bila hilo huwezi kuelewa hasira iliyofuata.

Mwaka 2006 uamuzi ukapita: University Avenue itapata treni nyepesi. Kwa ambaye hajawahi kuiona, hii si treni ya safari ndefu kama SGR. Ni treni ya umeme yenye mabehewa machache, inapita katikati ya barabara ya mjini, inasimama kwenye taa na kwenye vituo vilivyo karibu karibu. Kila mtu alifurahi, mpaka ramani ilipotoka. Kule chuo kikuu na katikati ya miji, vituo vilikuwa karibu. Lakini kwenye mitaa ya upande wa Saint Paul vilipangwa kila baada ya maili moja, yaani kilomita 1.6. Makutano matatu yakarukwa: Hamline, Victoria na Western. Na hapo ndipo walipoishi wajukuu wa Rondo, pamoja na familia za Wahmong na Wavietnam waliokuja kama wakimbizi. Nyumba nyingi pale hazikuwa na gari.

Kwa nini yarukwe? Jamani, hakuna aliyesema "hawa tuwanyime". Ilikuwa kanuni ya hesabu. Serikali kuu ya Washington ndiyo ilikuwa inatoa nusu ya fedha, nayo ilipima mradi hivi: gharama zinalinganishwa na muda ambao abiria wataokoa. Kituo kimoja cha ziada kilikuwa takriban dola milioni 5, na kila treni ikisimama, aliyemo ndani anachelewa kidogo. Kwa hesabu hiyo kituo cha Victoria kilionekana hasara mara mbili. Mradi ukizidi kiwango, fedha zote zinaondoka.

Umeona palipo na tatizo? Kanuni ilijumlisha dakika za abiria wote kwa pamoja. Katika jumla hiyo, dakika za wengi waliomo ndani ya treni zingeweza kuzimeza za yule anayetembea kuifuata.

Hebu tuzihesabu kinesi. Ukikaa katikati ya vituo viwili vyenye umbali wa maili moja, una mita 800 za kutembea. Mtu mzima mwenye afya, dakika kumi. Sasa weka mama wa wiki 36, miguu imevimba, mkononi mtoto wa miaka miwili anayetaka kubebwa. Au mama aliyejifungua kwa upasuaji wiki tatu zilizopita, anasukuma kigari. Halafu weka Januari ya huku, asubuhi nyuzi 10 chini ya sifuri au zaidi, theluji imelundikwa kando ya njia na kigari hakipiti. Hapo ni nusu saa, na kichanga kiko nje muda wote huo. Tena basi namba 16, lililokuwa likisimama karibu kila kona, lilipangwa kupunguzwa treni ikianza. Kwa hiyo mitaa hii ingepata treni inayowapita mlangoni, na basi la kusubiri zaidi.

Wakazi wakaungana: makanisa, mabaraza ya mitaa, wazee, watu wenye ulemavu. Wakajiita Stops for Us, yaani vituo kwa ajili yetu. Walienda kikao baada ya kikao. Kwanza wakaahidiwa kwamba misingi ya vituo hivyo itazikwa chini ya ardhi wakati wa ujenzi, ili siku moja vijengwe. Wakasema asante, ila hatupandi treni kwenye msingi. Baadaye wakaambiwa fedha zikibaki watapata kimoja. Hawakunyamaza. Wengine wakapeleka malalamiko chini ya sheria za haki za kiraia.

Januari 2010 Washington ikabadilisha kanuni: gharama na muda havitakuwa kipimo pekee, maisha ya mitaa nayo yatazingatiwa. Mwezi huo huo ikatangazwa kwamba vituo vyote vitatu vitajengwa. Treni ikaanza tarehe 14 Juni 2014, na siku hiyo ikasimama Hamline, Victoria na Western.

Sitawadanganya kwamba yote yalikuwa matamu. Mwaka 2011 na 2012 barabara ilichimbwa, maduka madogo yakakosa wateja, na maegesho mengi ya mbele yakaondoka moja kwa moja. Mahakama ilisema mwaka 2011 kwamba hasara za wafanyabiashara hazikuchunguzwa vya kutosha. Wapo waliofunga. Ila pale Western leo wanapaita Little Mekong, na migahawa ya Waasia iko hatua chache tu kutoka kituoni.

Sasa wewe, mama, popote ulipo. Wakija kupanga kituo cha basi, cha treni au hata zahanati mtaani kwenu, nenda kwenye mkutano mapema, ramani ikiwa bado ya karatasi. Mbebe na mtoto, hakuna atakayekufukuza. Uliza haya matatu. Kutoka nyumba ya mbali zaidi ni mita ngapi kwa mguu? Njia hiyo inapitika na kigari, na usiku ina taa? Na usafiri tulionao sasa utabaki au utaondolewa? Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Ahadi ya mdomo, msingi wake haupo hata chini ya ardhi.

Sehemu ya 5 tutaongelea usiku: uchungu ukianza saa nane na usafiri hakuna, nini kiwe kimeshapangwa nyumbani kabla ya wiki ya 36.