Risasi Isiyolia

Hapa Kiamaiko ukisikia risasi unalala chini kwanza, maswali baadaye. Lakini kuna risasi nyingine, na hiyo hailii. Jina ni lile lile kwa sababu ni chuma kile kile: kizito, laini, cha kijivu. Kiko kwenye betri za magari, kilikuwa kwenye rangi za zamani, na hadi 2005 kilikuwa ndani ya petroli ya Kenya. Mathe na buda wako walikua wakikivuta barabarani.

Ujanja wake ni huu: mwili unakidhania ni kalsiamu. Unakihifadhi mifupani, kinakaa huko miaka na miaka. Mama akiwa na mimba kinaweza kutoka mfupani kikaingia damuni, kikamfikia mtoto. Kwa mtoto mdogo kinagonga ubongo. Anakuwa mzito darasani, sisi tunamwita mjinga.

Sasa toka Kiamaiko, pita Korogocho, ufike Dandora. Dampo lile lilianza miaka ya 1970 kwenye timbo la zamani la mawe, na 2001 likatangazwa kwamba limejaa. Halikufungwa. Mwaka wa 2007, UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, Gigiri, lilitoa ripoti. Watoto 328 wa maeneo ya karibu na dampo walikuwa wamepimwa. Nusu yao walikuwa na risasi kwenye damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo.

Nusu, wasee.

Linganisha na Owino Uhuru, Mombasa. Pale kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kimepakana na mtaa. Phyllis Omido aliajiriwa humo 2009, mtoto wake akaugua. Kumbe risasi ilikuwa imemwingia. Aliacha kazi, akaanza kupigana, akakamatwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaipangua 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024.

Lakini Owino Uhuru kulikuwa na geti la kugonga. Dandora sumu inatoka kila mtaa wa Nairobi, hata kule kwa nyua za stima: TV iliyokufa, betri, mikebe ya rangi. Msee anachoma waya pale apate shaba ya kuuza, moshi unatushukia sisi. Ndio maana siipendi ile story ya "si wahame tu". Wahame waende wapi, na takataka ni zenu?

Wale watoto wa 2007, wadogo zaidi walikuwa na miaka 2. Leo ni rika letu, labda wengine mnasoma hii. Kama ulikuwa mmoja wao, kuna mtu aliwahi kurudi kukupima tena?