Rezo ya nyumbani: historia fupi kwa sisi wa Uvira



Hapa kwetu neno la kila siku ni "rezo". "Rezo imekwenda." "Kwenu iko rezo?" Tukilitamka, macho yanatazama mnara wa kampuni ya simu, kana kwamba rezo ni mvua: inatoka kwingine na inakuja ikitaka. Neno lenyewe tumelitoa kwenye Kifaransa, na katika Kifaransa cha zamani maana yake ni wavu mdogo. Basi sisi wa ziwa tunaelewa wavu ni nini. Ndagala ni wa Tanganyika, lakini wavu ni wa mvuvi mwenyewe: anaushona, anaukausha, anaulinda. Leo nataka kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba rezo ya nyumbani, ile inayounganisha kompyuta, printa na simu ndani ya kuta zetu, ni wavu wetu hata siku ambayo intaneti haipo.

Tuanze na tulikotoka. Wazazi wetu walijua foni, ile redio ya masafa marefu yenye antena ya waya iliyofungwa juu kati ya miti miwili. Iliwekwa kwenye misheni, kwenye mashirika na kwa wafanyabiashara wachache. Ukitaka kumsemesha ndugu yako wa Kalemie, unapewa saa, unangoja zamu, na mambo ya nyumba yenu yanasikiwa na kila aliyefungua masafa yale. Telecel ilileta simu za mkononi Kinshasa tangu miaka ya 1980, ila zilikuwa za wakubwa. Kwa mtu wa kawaida mambo yalianza kubadilika Celtel ilipoingia Kongo mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, nchi ikiwa bado vitani.

Halafu zikaja siber. Mnakumbuka: sahani kubwa ya satelaiti juu ya paa, jenereta inalia nyuma, kompyuta kadhaa kwenye meza moja ndefu, na unalipa kwa dakika. Wengi wetu hapo ndipo tulipoona rezo ya ndani kwa mara ya kwanza, bila kuijua jina. Kutoka kila kompyuta ulitoka waya hadi kisanduku kimoja chenye taa ndogo zinazopepesa, yaani swichi. Satelaiti ikikatika, mteja wa barua pepe alisonya na kuondoka. Lakini aliyekuja kuchapa kazi ya shule alibaki na kumaliza, maana printa ilikuwa inasikia kompyuta zote za meza ile. Rezo mbili zilikuwa chumba kimoja, na moja tu ndiyo iliyokufa.

Sasa, rezo ya ndani ilizaliwa wapi? Wengi wanadhani waya ulitangulia na Wi-Fi ikafuata. Kumbe hadithi ina kona. Mwaka 1971, kwenye Chuo Kikuu cha Hawaii, Norman Abramson na wenzake waliwasha mtandao walioupa jina la ALOHAnet. Hawaii ni visiwa, na laini za simu za wakati ule zilikuwa ghali na hazikufaa sana kwa kompyuta. Wakaamua kutumia redio: kila kituo kinatuma ujumbe wake kikiwa nao, na ujumbe ukigongana na wa mwingine, kinangoja kidogo halafu kinarudia. Mwaka 1973, huko California, kijana mmoja wa Xerox, Robert Metcalfe, aliichukua fikra hiyo ya redio, akaiboresha na kuipitisha ndani ya kebo. Ndiyo Ethernet, mama wa waya tunaochomeka leo nyuma ya kompyuta. Kanuni za rezo isiyo na waya zikatoka mwaka 1997 kwa namba 802.11, na jina Wi-Fi likaanza kutumika mwaka 1999. Kwa hiyo waya ulijifunza kwa redio, kisha redio ikajifunza kwa waya. Ni ndugu wa tumbo moja, ndiyo maana ndani ya nyumba wanaelewana.

Kuna tarehe nyingine isiyozungumzwa sana. Mwaka 1996, wataalamu wa intaneti walitenga rasmi anwani ambazo ni za matumizi ya ndani tu, zikiwemo zile zinazoanza na 192.168. Fikirieni nyumba ya kwetu. Ndani, ukiita "Yaya!", mkubwa anaitika, na hakuna haja ya jina la ukoo. Nyumba ya jirani nao wana Yaya wao, na hakuna mgongano. Mtu akitoka nje, hapo ndipo anahitaji jina kamili. Anwani hizi ziko hivyo hivyo: zinaweza kurudiwa Kavimvira, Kalundu na Tokyo, kila nyumba na zake. Ruta ndiyo inayosimama mlangoni: inampa kila aliyeingia anwani yake ya ndani, na yeyote akitaka kusema na dunia, inampeleka kwa jina la nyumba nzima. Kiufundi, basi, rezo ya ndani haiombi ruhusa ya mtu wa nje ili iishi.

Jambo hili kwetu si la vitabuni tu. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, SMS zilizimwa nchi nzima. Januari 2015, wakati wa maandamano, intaneti ikakatwa. Kisha tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, intaneti ikakatwa tena kwa siku karibu 20. Sisi wa mpakani tulikuwa na mlango wa nyuma: wenye line ya Burundi walitembea kuelekea Kavimvira kutafuta mawimbi ya ng'ambo. Lakini si kila mtu ana miguu, muda ama faranga za kufanya hivyo kila siku.

Siku zile nilitembelea nyumba tatu za marafiki, na zote tatu walikuwa wamezima ruta. "Ya nini kuiacha? Rezo hakuna." Nyumba moja kulikuwa na mwanafunzi aliyekuwa anamalizia kazi yake ya mwisho wa masomo. Sura mbili zilikuwa kwenye kompyuta ya mezani, moja kwenye simu, na hakuwa na flashi. Tuliwasha ruta. Simu yake ikaingia kwa Wi-Fi, kompyuta ikawa kwenye waya, tukafungua folda ya kushirikiana, na sura ya tatu ikavuka chumba kwa sekunde chache bila kugusa dunia. Jioni ile alichapa kurasa zote. Wengine walipoteza wiki tatu wakingoja kitu ambacho kwa kazi hiyo hawakukihitaji.

Kwangu nimepanga hivi. Kisichotembea kinapewa waya: kompyuta ya mezani, printa, na kikompyuta kidogo kinachohifadhi vitabu. Waya hauibi nafasi ya hewa, haujali ukuta wa matofali, na kebo ya kawaida inafika hadi mita 100. Kinachotembea kinapewa Wi-Fi. Kwa kuta zetu nene natumia masafa ya GHz 2.4, maana yanapenya kuliko ya GHz 5, ingawa haya ya pili yana kasi zaidi ukiwa chumba kimoja na ruta. Ruta nimeiweka katikati ya nyumba, juu, mbali na bati. Nywila ni ndefu, na ile iliyokuja na kifaa niliibadilisha siku ya kwanza. Kwa kuwa kuran ya hapa mnaijua, ruta na swichi vinakaa kwenye betri ya sola. Vinakula umeme kidogo kuliko balbu nyingi za zamani.

Kikompyuta kile kina Kiwix, programu ya bure iliyoanza mwaka 2007, inayokuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti. Wikipedia nzima ya Kifaransa bila picha inaingia kwenye kadi ya GB 32, na ile ya Kiswahili ni ndogo zaidi. Watoto wa jirani wanakaa barazani jioni na kusoma kwa simu zao bila kununua hata mega moja.

Mafuriko ya Aprili 2020 yaliongeza somo jingine. Mulongwe ilipofurika usiku ule, watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na madaraja yakaenda na maji. Kwa familia nyingi, picha za marehemu na diploma zilikwenda nazo. Tangu hapo nakala ya kila karatasi muhimu ya ukoo wetu iko kwenye nyumba mbili: moja bondeni, moja upande wa mlima. Rezo ya ndani ndiyo inayofanya kazi hiyo iwe nyepesi.

Sasa Starlink, iliyopigwa marufuku nchini Machi 2024, imepewa kibali Mei 2025. Nafurahi. Wavuvi nao hufurahi samaki wakiwa wengi. Lakini sahani ya angani inaleta ziwa tu karibu na mlango. Siku wakilifunga, kwa amri ama kwa deni la mwezi, kitakachobaki ni kile ulichokishona mwenyewe ndani.

Tuna diploma, ndugu zangu, na tunaishi katikati ya watu wanaozima ruta wakisikia rezo hakuna. Kila mmoja wetu ana mtaa wake. Jumamosi moja, waya mmoja, printa moja ya kushirikiana, nakala ya vitabu: hilo halingoji mfadhili. Aliyekwisha kufanya hivyo kwake, atuelezee hapa chini alivyopanga na kilichomgharimu, ili wengine waanzie hapo.