Kitovu cha kinga ya babu: nani alikula nguvu yetu?

Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Nataka kuwapa historia ya kitu kidogo kinachoenea mu mikono mbili: kitovu cha gurudumu la nyuma la kinga. Juu ya nini? Juu kwetu nyumbani kile kitu kilisingiziwa kosa miaka mingi, na baba mudogo wangu alilipa na goti lake.

Babu alikuwa karani hapa Kamituga. Kinga yake aliinunua Bukavu mbele ya uhuru. Ilikuwa na vitesi 3, lakini nyuma ilikuwa na pinyo moja tu na munyororo mumoja. Vitesi vyote vilijificha ndani ya kitovu. Juu yake kuliandikwa Sturmey-Archer, kiisha herufi AW na namba 56. Nikiwa mtoto nilifikiri ni saizi. Kumbe ni mwaka: kilitoka kiwandani 1956.

Baba mudogo alirizi ile kinga, akaifanya ya kazi. Alikuwa anatoa mafuta ya ngazi upande wa Kitutu, bido 4 za litri 20, anakuja kuuzia hapa kwa wachimbaji. Siku moja mu mupando, kitesi cha chini kiliruka. Pedali ikazunguka bure, akaanguka na muzigo wote, goti likapinduka. Fundi akamwambia: "Ile mashini ya Bazungu inakula nguvu yako. Tutie gurudumu la pinyo moja, utapumzika." Wakafanya hivyo. Gurudumu la zamani likatundikwa mu jikoni. Toka siku ile, kila mupando baba mudogo alishuka, akasukuma kwa miguu, na lile goti bovu.

Je, fundi alisema kweli? Tuanze mbali.

Adui wa kwanza wa kinga ni msuguano. Mu 1869, fundi mumoja wa Paris, Jules Suriray, alichukua hati ya uvumbuzi kwa gololi za chuma zinazowekwa kati ya ekseli na gurudumu. Badala ya chuma kusugua chuma, gololi zinabiringika. Mwezi wa 11 wa mwaka ule ule, James Moore alishinda mashindano ya Paris mpaka Rouen, kilometa 123, juu ya kinga yenye zile gololi. Hapo batu wakaelewa kama nguvu nyingi ilikuwa inapotea mu kitovu tu.

Adui wa pili ni mupando. Mu 1896 Mwingereza William Reilly, wa Salford, alitengeneza kitovu chenye vitesi 2 ndani. Mu 1902 akawa na cha vitesi 3. Lakini mikono yake ilikuwa imefungwa na mkataba wa kampuni ya mbele, basi hati ikaandikwa kwa jina la mwenzake, James Archer. Mwandishi wa habari Henry Sturmey naye alikuwa na uvumbuzi wake wa vitesi 3. Mu 1903 Frank Bowden, mwenye kiwanda cha Raleigh kule Nottingham, aliwaunganisha mu kampuni moja. Majina mawili yakabaki juu ya chuma, Sturmey na Archer. La Reilly haliko. Ninyi muliofanya kazi za kikundi ku chuo, munaelewa.

Ile wakati, kubadilisha vitesi kulionekana kama uzembe. Mu 1902 huko Ufaransa walifanya jaribio la kilometa 240 mu milima. Edouard Fischer, mwanaume wa mashindano, alipanda kinga ya kitesi kimoja. Marthe Hesse, mwanamke, alipanda ya vitesi 3, ile ya munyororo unaohama. Marthe alimwacha. Lakini Henri Desgrange, aliyeanzisha Tour de France mwaka uliofuata, aliendelea kusema vitesi ni vya watu waliopita miaka 45. Mashindano yake hayakuruhusu munyororo unaohama mpaka 1937. Unaona: si hesabu iliyokataa vitesi, ni majivuno.

Sasa tufungue kitovu cha babu. AW ilianza kutengenezwa 1936. Katikati kuna pinyo ya meno 20 isiyozunguka, imeshikana na ekseli. Tuiite jua. Pembeni yake kuna pinyo ndogo 4 zinazolizunguka, kila moja meno 20: ni sayari. Nje kuna pete yenye meno 60 upande wa ndani. Ukiweka kitesi cha chini, munyororo unasukuma pete, na sayari zinazungusha gurudumu polepole: pinyo ya munyororo ikizunguka mara 4, gurudumu linazunguka mara 3. Kitesi cha juu ni kinyume: mara 3 inaleta 4. Kitesi cha katikati kinapita moja kwa moja. Sayari zinazunguka, lakini hazibebi muzigo.

Njo maana ni kweli kidogo kama kinakula nguvu. Fasi meno yanakutana na meno chini ya muzigo, kitu kinapotea kuwa joto. Mu 2001 Chester Kyle na Frank Berto walitoa vipimo vyao: kwa wastani, vitesi vya ndani ya kitovu viko chini ya vile vya munyororo unaohama kwa karibu asilimia 2 tu. Waliona tena kama kadiri unavyosukuma kwa nguvu, sehemu inayopotea inapungua.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme mupando unaomba kilo 100 ku pedali. Kitesi cha chini kinashusha mpaka 75. Sasa tuseme meno yanakula 5 kwa 100: utasukuma karibu 79. Kimekuibia kilo 4, kimekuachia 21. Ku mupando mukali kabisa, na bido 4, utashuka tu, sikatae. Lakini kati ya Kitutu na hapa kuko mipando midogo mingi, na ile yote baba mudogo aliisukuma kwa miguu.

Basi juu ya nini kitesi kiliruka? Nilipomaliza lisansi nilirudi nyumbani, nikashusha lile gurudumu, nikalifungua. Meno yalikuwa mazima. Ndani kulijaa grisi nzito, imekauka kama ugali wa jana, imechanganyika na udongo. Mule kuna kucha ndogo zinazosukumwa na resori nyembamba kama unywele. Zenyewe njo zinashika gurudumu. Grisi ilizigandisha, zikashindwa kuinuka, njo kitesi kikaruka. Na ku gamba la kitovu kuko katundu kadogo kenye kifuniko: ni kwa kutia matone ya mafuta mepesi, mara kwa mara. Babu alikajua. Hakuna aliyemuuliza.

Nikaosha na petroli, nikatia mafuta mepesi. Vitesi 3 vikarudi. Nikamwita baba mudogo. Akakazungusha kwa mukono, akasikiliza vile kinalia tiki-tiki-tiki, akanyamaza. Kiisha akauliza: "Kumbe kilikuwa kinaomba mafuta tu?"

Sikuwa na jibu. Mu kazi yangu ya kilimo ninakutana na lile swali kila musimu: mashini za kukwangua mihogo, pompe za maji, zimelala mu nyasi juu ya kitu kidogo ambacho mutu mumoja alikijua na hakukifundisha. Tunasema mashini ni mbaya, tunarudia kubeba ku mugongo.

Wandugu, mu kwenu kuko chombo gani kimetundikwa mu jikoni? Mbele ya kukiuza kama chuma cha zamani, mukifungue. Na kama mwenye kukijua angali hai, mumuulize leo. Andikeni hapa chini mulichokuta.