Kosso, Udongo na Sentimita 94

Katika nyanda za juu za Ethiopia, ambako nyama mbichi ni chakula cha heshima, tegu hakuwa mgeni. Dawa yake ilikuwa kosso, maua ya mti unaoota hata kwenye misitu ya Kilimanjaro. Vishada vyekundu vya mti jike huvunwa, vikakaushwa na kutwangwa, kisha unga hukorogwa katika maji na kunywewa asubuhi kabla ya kula chochote. Tumbo husokota, wengine hutapika, mwishowe tegu hutoka. Waliogundua dawa hii walimjaribia mtu mwenyewe, na jibu walilipata siku ileile. Ukizidisha kipimo, ni sumu.

Huko Japani, mtafiti Satoshi Ōmura alizoea kutembea na vifuko vya plastiki akizoa udongo. Bakteria waliotoka kwenye udongo wa Kawana, karibu na uwanja wa gofu, walipelekwa maabara ya kampuni ya Merck, Marekani. Timu ya William Campbell ikawapima kwa panya wenye minyoo, minyoo wakafa. Ndiyo asili ya dawa ya ivermektini.

Wapo wanaosema hii ya pili ni sayansi na ile ya kwanza ni kubahatisha. Sikubaliani nao: kote ni kujaribu mpaka upate. Mimi nauliza ni nani aliyekuwa akitafutiwa. Mganga wa Ethiopia alimtafutia jirani yake. Maabara iliitafutia mifugo, kwa kuwa mfugaji ana pesa ya kulipa. Ivermektini iliingia sokoni kwa wanyama mwaka 1981. Wagonjwa wa usubi, ugonjwa unaopofusha, wakaruhusiwa kuitumia 1987, na kampuni ikaitoa bure. Imeokoa macho ya wengi, nashukuru. Lakini inaniuma kwamba ilibidi ipitie zizini kwanza.

Na kichocho je? Shuleni mtoto husimamishwa kwenye ubao wenye alama. Kimo chake ndicho kinachoamua apewe vidonge vingapi vya prazikwanteli, dawa ya kichocho. Alama ya chini kabisa ni sentimita 94. Mdogo wake, anayeogeshwa kwa maji yaleyale ya ziwa, haifikii, na kidonge chenyewe ni kikubwa, kichungu. Kidonge cha watoto wa miezi 3 hadi miaka 6, kinachoyeyuka majini, kilijaribiwa Kenya na Cote d'Ivoire, na wataalamu wa dawa wa Ulaya wakakiunga mkono Desemba 2023. Prazikwanteli ilipatikana miaka ya 1970. Baadhi ya watoto walioikosa wakati ule sasa wana wajukuu.