Kutoka Hisani hadi Haki: Kazi ya Jacobus tenBroek (1911-1968)

Katika historia ya sheria, kipofu amehesabiwa kwa muda mrefu kuwa mtu wa kuhurumiwa, si mtu wa kudai. Mabadiliko ya fikra hiyo nchini Marekani hayawezi kuelezwa vema bila kutaja jina la Jacobus tenBroek, mwanasheria kipofu aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tangu 1942 hadi kufa kwake. Umuhimu wake umo katika hoja aliyoijenga: kwamba kinachomfungia kipofu nje ya maisha ya jamii ni mawazo ya watu na sheria zao, zaidi kuliko macho yake.

Alizaliwa mwaka 1911 katika jimbo la Alberta, Kanada. Akiwa na umri wa miaka saba, jicho lake moja lilichomwa na mshale katika mchezo wa watoto. La pili likadhoofika, na alipofika miaka kumi na minne hakuona tena. Alisomeshwa katika shule ya vipofu ya California, mjini Berkeley, chini ya Newel Perry, mwanahisabati ambaye naye alikuwa kipofu. Mwalimu huyo alisisitiza kuwa vipofu wajipange na kujisemea wenyewe. Mafundisho hayo yalizaa matunda mwezi wa Novemba 1940, pale wajumbe kutoka majimbo saba walipokutana Wilkes-Barre, Pennsylvania, wakaunda Shirikisho la Taifa la Vipofu. TenBroek, aliyekuwa na umri wa miaka 29, akawa rais wake wa kwanza.

Jambo lililowashughulisha mwanzoni lilikuwa msaada wa serikali. Kwa kanuni za wakati ule, kipofu aliyepata ujira mdogo alikatwa msaada kwa kiasi kilekile alichochuma. Hivyo kazi haikumfaidia kitu, na msaada uliokusudiwa kumwinua ukawa kamba ya kumfunga katika umaskini. Baada ya madai ya miaka mingi, sheria ya 1950 ilikubali kwamba dola 50 za kwanza za ujira wa mwezi zisihesabiwe.

Kwa upande wa elimu, tenBroek alichunguza hasa Rekebisho la 14 la Katiba ya Marekani, lililothibitishwa mwaka 1868, baada ya vita vilivyokomesha utumwa. Makala aliyoandika na Joseph Tussman mwaka 1949 yaliuliza ni kwa msingi gani sheria inaweza kuwagawa watu katika makundi. Mwaka 1951 alitoa kitabu kuhusu mizizi ya Rekebisho hilo katika harakati za kupinga utumwa. Mawakili wa Wamarekani weusi walikitumia katika kesi ya Brown, iliyoamuliwa mwaka 1954 dhidi ya ubaguzi mashuleni. Mwaka huohuo alichapisha, pamoja na wenzake wawili, uchunguzi juu ya watu zaidi ya 110,000 wenye asili ya Kijapani waliohamishwa kwa nguvu wakati wa vita. Kazi hizi zote zina swali moja: je, ni halali mtu kunyimwa haki kwa sababu ya kundi analohesabiwa humo, bila yeye mwenyewe kupimwa?

Swali hilo alilirudisha kwa vipofu mwaka 1966, katika makala yake mashuhuri juu ya haki ya walemavu ya kuishi ulimwenguni. Alipitia hukumu za mahakama kuhusu fidia. Kipofu akitumbukia katika shimo lililochimbwa njiani bila kizuizi, mahakama nyingi zilianza kwa kumuuliza yeye: mbona alitoka bila fimbo, au bila mtu wa kumwongoza? Kwa tenBroek, swali hilo liliwekwa kinyume. Ikiwa Bunge limetangaza kwamba walemavu washiriki katika kazi na maisha ya wote, basi mchimbaji hana budi kujua kuwa vipofu nao hupita njia hiyo, na atengeneze kazi yake ipasavyo. Haki ya kutembea ikikosa ulinzi mahakamani, haki ya kusoma na ya kufanya kazi hubaki maneno matupu.

Kutokana na hoja hiyo aliandaa sheria ya mfano ya fimbo nyeupe, iliyofuatwa na majimbo kadhaa. Maisha yake ya uongozi hayakukosa misukosuko: magomvi ndani ya Shirikisho yalimfanya ajiuzulu mwaka 1961, ingawa alirudi mwaka 1966. Alifariki Machi 1968 kwa ugonjwa wa saratani. Sheria kubwa ya Marekani inayokataza ubaguzi dhidi ya walemavu ilipitishwa mwaka 1990, miaka 22 baadaye.

Kwa ufupi, tenBroek hakuwaombea vipofu sheria ya peke yao. Alidai kwamba ahadi ya usawa, iliyoandikwa kwa ajili ya watu waliotoka utumwani, isomwe kama ilivyoandikwa: kwa kila mtu.